Gitaa na Vidonge: Mbeya hadi Lubumbashi kwa Basi

Nimerudi Mbeya na daftari lenye vumbi, tiketi zilizopachikwa katikati ya kurasa, na picha zilizojaza simu ya binamu yangu. Kwa hizo nimeijenga upya safari yetu ya mwezi Julai. Naiandikia wale wanaoniuliza barabara ya Kongo ikoje, na zaidi wale wanaouliza tulikwenda kufanya nini.

Tulikwenda kupiga pop panki na kuzungumzia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, kanisani. Mimi naimba na kupiga gitaa, binamu yangu anapiga dramu. Kwetu muziki huu bado ni mgeni: gitaa la umeme lenye mvumo mzito, dramu za mbio, nyimbo za dakika mbili au tatu, na kiitikio ambacho ukumbi mzima unakipokea kwa kupaza sauti. Marekani kuna Wakristo wanaoupiga tangu miaka ya 1990. MxPx walianzia Bremerton, jimbo la Washington, mwaka 1992 wakiwa bado vijana wa sekondari. Relient K wakaja baadaye kutoka Canton, Ohio, mwaka 1998. Nyimbo za namna hiyo nilizipata kwenye memori kadi ya mtu nikiwa chuoni, kipindi ambacho nilikuwa siwezi kutoka kitandani wala kumeza chakula. Zilinionyesha kwamba mtu anaweza kumpenda Yesu na bado akasimama jukwaani akasema ameumia. Kuomba niliomba, na nilifunga. Hospitalini nikaambiwa ni sonona, nikaandikiwa fluoxetine na kupewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Tangu nilipopata nafuu, kila tunapopiga nasimulia habari hiyo katikati ya nyimbo, kwa jina langu na kwa sauti yangu. Video moja iliwafikia vijana wa kanisa moja la Katuba, Lubumbashi, wakatuita.

Jumatatu: Mbeya, Tunduma, Nakonde

Basi dogo la alfajiri, shilingi 7,000 kila mtu. Ni kilometa kama 100 tu, kupitia Mbalizi, Mlowo na Vwawa, ila ukikutwa nyuma ya msururu wa malori unaweza kuzisafiri nusu siku. Malori yanayoshuka yamebeba shaba ya Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Yanayopanda yanakwenda huko huko tulikokuwa tunakwenda sisi. Kondakta alitaka gitaa lipande kwenye keria. Nikalikumbatia magotini mpaka Tunduma.

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Kiswahili kinatumika pande zote mbili, na chai ya maziwa kwa chapati unaipata hata ukiwa umeshagonga mhuri wa Zambia. Afisa wa forodha alitaka kujua kama gitaa na pedali zake za sauti ni bidhaa. Nilikuwa na karatasi yenye orodha ya vyombo, namba zake, na barua ya mwaliko. Aliisoma yote kwa utulivu, akaigonga mhuri, akaniambia niitunze mpaka siku ya kurudi.

Kwa mwenye kupita hapa na vyombo: andika orodha hiyo nyumbani, piga nakala kadhaa, na kila dawati uliache na nakala lisikuchukulie ya asili. Badilisha fedha kidogo tu, hesabu mbele ya mwenye kuzibadilisha. Na ukivuka, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Kwangu hilo lilikuwa na maana ya pekee, kwa kuwa kidonge changu nakimeza saa mbili asubuhi na sitaki kukipotezea mpangilio.

Basi la kwenda Ndola lilisubiri lijae. Tulilipa kwacha 450 kila mmoja, na 50 kwa ajili ya gitaa, ambalo safari hii lililazimika kuingia kwenye buti. Tulikula wali na maharage kwa mama mmoja mwenyeji wa Kyela aliyeolewa Nakonde. Alipoona tumeagiza sahani moja ya kugawana akatuongezea ya pili na kukataa fedha yake. "Mnakwenda mbali, wanangu," akasema. Mchana ukapita hivyo.

Usiku, Serenje

Isoka, Chinsali, Mpika: pori, moshi wa mioto ya kiangazi, magunia ya mkaa kando ya lami. Tulipofika Serenje dereva akazima injini. Sheria, akasema, haimruhusu kutembea na abiria usiku wa manane, kwa hiyo tulale humo humo mpaka alfajiri. Julai kule ni baridi ya kukata mifupa. Anayesafiri miezi hiyo abebe blanketi ndani ya basi, asiliache kwenye buti kama binamu yangu.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Kibemba anayeuza vitenge Nakonde, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alifungua mzigo wake, akatoa kitenge kipya kabisa, akatufunika sote wawili. Tukatafuna karanga za kuchemsha. Akauliza tunaimba nini. Nilipomweleza, alinyamaza muda, kisha akaanza kunihadithia habari za mumewe, aliyekuwa mchimbaji kwenye mgodi mmoja. Alipopunguzwa kazini aliacha kuzungumza. Akawa anakaa nje ya nyumba tangu asubuhi, akiwa amevaa viatu vya kazi. Watu wakamwambia mama kwamba mumewe amerogwa. Mashemeji wakataka kumpeleka kwa mganga wa mbali na wakachanga fedha, ila yeye alizichukua fedha hizo akampeleka hospitali ya Chainama, Lusaka. "Sasa analima. Anagombana na mimi tena," akaniambia, na nilisikia furaha kwenye sauti yake.

Nilimuomba ruhusa ya kulisimulia hilo Lubumbashi. Akasema nilisimulie, ila jina la mumewe nisilitaje. Silitaji.

Jumanne: Kapiri, Ndola, Chingola

Kapiri Mposhi tulikunywa chai tukiwa tumesimama, Ndola tukabadilisha gari, Kitwe tukaiona dirishani. Chingola tulilala kwenye gesti ya kwacha 300 yenye maji ya moto. Naisifu kwa moyo wote kwa sababu ya hayo maji.

Pale ndipo nilipofungua mfuko wa gitaa na kukuta tundu la waya limelegea na kuingia ndani, waya mmoja umekatika. Buti lile lilikuwa limejaa vyuma vya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Binamu yangu alitaka turudi Kitwe kutafuta fundi. Tukaamua kusonga mbele. Mji mkubwa haukosi fundi.

Jumatano: Kasumbalesa

Kutoka Chililabombwe malori yamepanga foleni kilometa kwa kilometa, madereva wengi wao Watanzania, wamefunga kanga kwenye vivuli vya matela na kupika ugali chini yake. Wakituona na gitaa wanapiga honi. Teksi za abiria zinapita pembeni, kwa hiyo usiogope ukiona msururu huo.

Nyaraka za Kongo tulizishughulikia mapema ubalozini Dar es Salaam. Masharti hubadilika, uliza kabla ya kukata tiketi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi na si ndani ya begi, maana wataiomba kabla ya kitu kingine. Dola ziwe safi: iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeipokea. Usipige picha mpakani. Shikamoo yetu huku haina mwitikio. Sema "Jambo, papa" au "Jambo, mama", na utajibiwa kwa uchangamfu.

Kwenye meza ya ukaguzi mfuko wangu wa dawa ulifunguliwa. Afisa akavigeuza vidonge. "Hii ni ya nini, mama?" Nikamwambia: nilipata ugonjwa wa huzuni kubwa na mawazo, hii ndiyo dawa yake, na hii ni barua ya daktari. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu na kila mtu alisikia. Nimeshajizoeza kulijibu swali hilo kwa sauti ile ile ninayoitumia kusema nina malaria.

Akasoma barua, akarudisha vidonge kimoja kimoja kwenye pakiti. Kisha akainama. Dada yake mdogo, akasema, tangu mtoto wake afariki hapiki, haogi, na wamemzungusha kwenye vyumba vya maombi mpaka amekonda. Akauliza hiyo dawa inapatikana wapi, anunue. Nilimwambia asinunue dawa kwa kufuata pakiti ya mtu mwingine. Dada aonwe kwanza na mwenye kazi hiyo, maana daktari ndiye anayejua ipi inamfaa na kwa kiasi gani, na dawa yenyewe huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Nikamuuliza kama maombi yanamfariji. Akasema ndiyo, anapenda nyimbo. Basi msimkatishe nyimbo, nikamwambia, mpelekeni na hospitali. Akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akatupisha.

Msafiri mwenye dawa za aina hii: ziache kwenye pakiti yake ya asili, beba barua, beba za kutosha na akiba, na usiziweke kwenye mzigo wa buti. Wala usiziache nyumbani kwa aibu ya kukaguliwa.

Kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi ni lami, kama kilometa 90, franka 20,000 kwa kiti. Tuliingia jioni. Kwa Mama Pasta wa Katuba tulikuta beseni la maji ya kunawa liko tayari mlangoni. "Mukuye mukule kwanza," akasema kabla hata hatujataja majina. Bukari ya mahindi, ndiyo ugali wao, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mafuta ya mawese, na samaki wa thomson wa kukaanga. Wajukuu wake walikuwa wamehama chumba chao ili tulale sisi.

Alhamisi: fundi wa Kenya

Kenya ninayoitaja hapa ni wilaya ya Lubumbashi, yenye soko kubwa na vumbi jekundu. Kijana mmoja wa kanisa alitupeleka kwa fundi simu mwenye kimeza cha ukubwa wa sinia. Nimelipiga picha gitaa langu likiwa juu ya kimeza hicho, limezungukwa na skrini zilizovunjika. Fundi alifungua skrubu nne, akauvuta waya uliokatika kwa kibano, akaukwangua ncha yake kwa wembe mpaka shaba ikang'aa. Akauwekea risasi ya kulehemia, akagusa kwa chuma cha kulehemu kilichofungwa kitambaa kwenye mpini. Moshi mwembamba, tone moja linalometameta, likapoa. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kulifanya kwenye gitaa hili: akakata kipande cha plastiki ya chupa, akakitoboa, akakiweka nyuma ya tundu ili lisizame tena. Alipoambiwa tunakwenda kuimba nini, alikataa malipo. Alitaka kitu kimoja: ajue ni saa ngapi Jumamosi.

Tulirudi kwa miguu. Ukiwa mahali pengi mjini unauona mnara wa moshi wa kiwanda cha Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, na kilima cheusi cha mabaki ya shaba kando yake. Mji huu ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa sababu ya shaba hiyo, na wazee wa Katuba bado wanahesabu miaka yao kwa kufuata mgodi: kabla sijaajiriwa, baada ya mshahara kukatika. Mama Pasta alinieleza kwamba wanaume wengi anaowazuru waliishiwa nguvu baada ya kupoteza kazi, na hawana mahali pa kulisema. Nikamkumbuka mume wa mama wa vitenge.

Jioni vijana walikuwa uani wakichapa fulana kwa mkono, rangi na kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa herufi: SEMA NA MUNTU. Walinunua fulana nyeupe za mtumba kwa fedha zao na walitaka kuziuza ili wapate nauli ya kuwapeleka watu kliniki. Nikawahadithia kwamba huko Florida, Marekani, mwaka 2006, Jamie Tworkowski aliandika habari ya rafiki yake aliyekuwa akihangaika na uraibu, sonona na kujijeruhi, akauza fulana kulipia matibabu yake. Wanamuziki wakazivaa jukwaani, na kutokana na hizo likazaliwa shirika la To Write Love on Her Arms. Yule msichana aliyekuwa anakata herufi aliuliza kama rafiki yule alipata kulipiwa. Nikamwambia fedha zilitumika kwa kazi hiyo hasa. Akaendelea kukata, kwa haraka zaidi.

Ijumaa: papa wa vidole viwili

Tulifanya mazoezi asubuhi. Jirani, mzee aliyestaafu reli, alisimama mlangoni mpaka tukamaliza. Nilidhani amekuja kulalamikia kelele. Aliomba gitaa. Akalizima mvumo wote, akaketi kwenye kopo la rangi, akapiga kwa kidole gumba na cha shahada peke yake, besi na sauti ya juu kwa pamoja, kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Binamu yangu aliacha vijiti akasogea karibu. Mzee akasema muziki wetu una haraka lakini maneno yake ameyasikia. Kisha akaniuliza, macho yakiwa kwenye nyuzi, kama ugonjwa ule unaweza kumpata mtu akiwa na miaka sabini. Nikajibu unaweza. Tulikaa naye mpaka chakula cha mchana.

Mchana alikuja muuguzi rafiki wa Mama Pasta, aliyekubali kuzungumza nasi Jumamosi. Alitueleza habari za kituo cha magonjwa ya akili cha Lubumbashi kinachoitwa kwa jina la Daktari Joseph Guislain, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité. Shirika hilo lilianzishwa na Padri Petrus Triest huko Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Mwaka 1815 yeye na mabruda wake waliwatoa wagonjwa waliokuwa wamefungwa minyororo kwenye handaki la jengo moja la mji huo, na Guislain, aliyezaliwa mwaka 1797, baadaye akawa daktari aliyefanya nao kazi. Nilimsikiliza nikawa najiuliza kwa nini sikuwahi kulisikia hilo mimbarini. Mtumishi wa Mungu aliwatoa watu minyororo, kisha daktari akaja kufanya naye kazi, miaka kama mia mbili iliyopita, na sisi bado tunawauliza wagonjwa wachague kati yao.

Muuguzi naye aliniuliza kwetu ikoje. Nikamwambia ukweli: kwetu kituo kikuu ni Mirembe, Dodoma, na watu wamelifanya jina hilo tusi. Na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, hivyo familia nyingi hufika hospitalini zikisema ilikuwa ajali, na mgonjwa anatibiwa mwili tu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Mtu aliyefika ukingoni akarudi anastahili kiti, maji na mtu wa kumsikiliza. Askari anamwongezea sababu ya kunyamaza.

Jumamosi: uani Katuba

Turubai, mabenchi, jenereta iliyowekwa nyuma ya ukuta, spika mbili za kukodi kwa dola 40 pamoja na mwenyewe. Vijana walijaa mpaka barabarani, na fundi wa Kenya alikuwa mstari wa mbele.

Baada ya wimbo wa pili mzee mmoja wa kanisa alisimama akanyoosha mkono. Makelele haya, akasema, Mungu hayajui. Na jambo lile nililolisimulia, akaongeza kwa upole, "ile mambo hatuisemaka mu kanisa". Nilimuelewa. Alikuwa analinda nyumba yake. Nilitaka kujibu, lakini Mama Pasta akawa ameshapanda na Biblia.

Alisoma 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Eliya, siku chache baada ya moto kushuka Karmeli, ameketi chini ya mretemu anaomba afe: yatosha sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu. Mama Pasta akafunga kitabu, akamgeukia mzee. "Papa, Eliya alikosa imani?" Mzee akasema hapana. "Malaika alimukemea?" Hapana. "Alimufanya nini?" Mzee akajibu taratibu: alimpa mkate. Na maji. "Na kisha?" Akamwacha alale. "Na kisha?" Akampa tena mkate. Ua mzima ulikuwa unajibu pamoja naye kufikia hapo. Mama Pasta akasema mahubiri yalikuja baadaye, kule mlimani, na hata hapo Mungu alianza kwa kumuuliza swali. Kisha akaniambia niendelee kupiga. Mzee aliketi, na alibaki mpaka mwisho.

Tukapitisha beseni. Kila mtu alipewa kikaratasi aandike swali bila jina. Ninavyo hapa vichache, kwa ruhusa yao. Kimoja kimeandikwa kwa penseli, herufi zimekandamizwa hadi karatasi imetoboka: "Nafunga na ninaomba lakini silali. Ni pepo?" Muuguzi akajibu kwamba kufunga chakula wakati mwili haulali kunauchosha zaidi, kwamba kukosa usingizi majuma mengi ni dalili ya kupelekwa hospitali, na kwamba hata yeye akiwa zamu huwaombea wagonjwa wake huku akiwapa dawa. Kingine, na yaya kwao ni kaka au dada mkubwa: "Yaya wangu anasema atajiua. Anatania?" Hapa tulisimamisha kila kitu. Tulisema: usichukulie ni utani hata mara moja. Muulize waziwazi, kumuuliza hakumpi wazo. Usimuache peke yake, ondoa karibu naye kitu cha kujidhuru, mwite mtu mzima anayemwamini, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo. Muuguzi akasema atakaa kwenye benchi la nyuma hadi usiku, na mwenye swali hilo aje bila kuogopa.

Cha tatu kiliuliza kama aliyejiua ameshapotea kwa Mungu. Niliwaambia ninachoamini: kwamba Warumi 8 inasema mauti haiwezi kututenga na upendo wa Mungu, nami sioni mahali ilipoandikwa isipokuwa mauti ya namna hii. Na kwamba anayelia leo kwa ajili ya ndugu yake aje kulia kwetu, tutakaa naye. Nikawataka walio hai wakae hai. Kisha tukapiga wimbo wetu wa Zaburi 42, ile inayojiuliza, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Kwa mara ya nne kiitikio kilikuwa cha kwao, niliacha kuimba nikapiga gitaa tu.

Wakati wa kukunja nyaya kijana mmoja alibaki akitusaidia. Alikunja kila waya kwa unadhifu, akaurudia uliokwisha kukunjwa. Nilikaa chini, naye akakaa. Aliyoniambia ni yake. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba dada yake mkubwa aliitwa usiku ule, kwamba Mama Pasta aliwalaza wote nyumbani kwake, na kwamba walipangana na muuguzi kwenda kliniki Jumatatu asubuhi.

Jumapili, na kurudi

Jumapili tuliimba wimbo mmoja tu ibadani, bila mvumo, kwa heshima ya wazee. Baadaye michopo ya mbuzi, yaani nyama choma, kwa mzee wa reli, na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye vikombe vya bati.

Kurudi kulifuata njia ile ile na kulikuwa kwepesi; karatasi ya forodha ya Nakonde ilituokolea muda mwingi. Kwa jumla, kuanzia Mbeya na kurudi, chakula, gesti na usafiri, kila mmoja wetu alitumia kama dola 130, bila kuhesabu nyaraka. Ukienda kwa kualikwa, beba zawadi ya jikoni: sukari na chai ya Rungwe zilipokelewa vizuri sana.

Tulikuwa Chingola tukisubiri gari ujumbe wa Mama Pasta ulipoingia. Kijana alionwa, amepewa dawa na tarehe ya kurudi. Dada yake ameahidi kumsindikiza. Fulana zimekwisha na fedha zipo za nauli za watu wengine watatu. Kila Jumatano jioni watakuwa wanakaa uani, muuguzi akiwepo anapoweza, na mzee wa kanisa ndiye aliyejitolea kuleta viti. Wanataka kodi za gitaa za wimbo wa Zaburi. Nimewatumia, nimewashushia sauti kwa hatua mbili, kwa sababu msichana anayekata herufi ndiye atakayeongoza na sauti yake ni nzito.